Nyapara Aliyepanga Ziwa

Nyapara wetu akikohoa asubuhi, kuku ya Kabianga inaamka, na sisi hatukuwa karibu na Kabianga. Ukienda huko kwa mguu unafika viatu imekuwa kamba. Nilichuma chai chini yake tangu bendera ya mkoloni iko karibu kushuka mpaka kichwa yangu ikatoa mvi ya kwanza, na hiyo mvi nakwambia ni yeye aliipanda.

Jina alikuwa nayo, lakini hakuna mtu aliitumia. Sisi tulimwita Nyapara. Meneja alimwita Nyapara. Hata bibi yake, wakiwa jikoni wawili tu, anamwita, "Nyapara, ongeza kuni," na yeye anaongeza. Alikuwa mtu wa kutoka Kisii, wale walikuja kwa chai ya Kericho wakati sisi Wakipsigis bado tunaona kuinama juu ya majani ni kazi ya mbuzi. Mambo ya ukoo wake sikuuliza. Huyo mtu aliongea vitu viwili tu, majani na ziwa.

Wacha nianze na majani. Kwa shamba ilikuwa majani mbili na kichwa, ile chipukizi ya juu, basi. Jani ya tatu ikiingia kwa kikapu yako, afadhali ingekuwa nyoka. Alikuwa anaingiza mkono kwa kikapu mpaka chini kabisa, vile daktari wa ng'ombe anaingiza, macho inaangalia mbinguni, vidole inasoma. Halafu anatoa ile jani moja mbaya kati ya elfu mia.

"Chepalungu," ananiita hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa Siongiroi, huko Chepalungu, "hii unapelekea nani? Ng'ombe ya mama yako?"

"Nyapara, hiyo iliingia yenyewe. Ni upepo."

"Basi leo upepo ndiyo itachuma. Wewe kaa chini uangalie vile mwenzako anafanya kazi."

Na kikapu yote anamwaga kwa njia. Mvua ya mawe inapiga sisi, ile ya Kericho ya kila saa nane, mawe kubwa kama viazi, moja ilishawahi kuua ndama, na Nyapara anasimama wima katikati ya mistari kama mti ya stima. Watu wamejificha chini ya vikapu, yeye anangoja mbingu imalize upuzi yake. Sijaona akikimbia mvua. Sijaona akiomba mtu kitu. Akisema neno, imesemwa, hata meneja akibadilisha amri yeye anaendelea na ile ya jana mpaka jioni.

Sasa huyo mtu, jiwe namna hiyo, jioni alikuwa anatoka kwa mto na debe ya maji kwa kichwa. Mwanaume! Nyapara! Anapita katikati ya laini, zile nyumba za wachumaji, wanawake wanashika mdomo, wanaume wanageuka kuangalia ukuta. Alikuwa anabebea bibi yake, kwa sababu ile njia ya mto ilikuwa na mizizi na bibi yake hakuwa anaona mizizi vizuri.

Huyo mama alikuwa mfupi, mnene, wa kucheka. Mimi nilikuwa mtu bila bibi wakati huo, nakula kwake kama kupe. Macho yake ilikuwa inafunga. Daktari alimwambia haifungi siku moja, inafunga polepole, kutoka pembeni inakuja katikati, kama duka mwenyewe anashusha mbao moja moja jioni. Dawa hakuna. Alirudi kutoka huko hospitali, akapika ugali, akasema, "Basi kile nataka kuona, nione haraka." Na Nyapara akasema, "Utaona ziwa."

Hapo ndipo ziwa inaingia.

Kabla ya uhuru kulikuwa na meneja mmoja Mzungu alipenda samaki kuliko watoto wake. Alichukua Nyapara mara moja, wakashuka chini Bonde la Ufa, mahali ya joto, mpaka kwa ziwa fulani. Nyapara alikuwa wa kusimamisha hema na kupika. Hiyo mahali hakukuwa na kitu. Nyumba hakuna, duka hakuna, choo ni wewe na jembe. Serikali iliweka kibao tu, ikasema hii ni paki ya wanyama, ikaenda zake. Kiboko inakula nyasi nje ya hema yako kama ng'ombe ya nyumbani. Ukitaka chakula unavua.

Mzungu alikuwa anashinda kwa mtumbwi. Nyapara akimaliza kuosha sufuria, hakuna kazi. Hakuna mtu wa kumtuma, hakuna mtu wa yeye kutuma. Alinihadithia mara nyingi na kila mara sauti yake ilikuwa inashuka hapo hapo.

"Nilikaa, Chepalungu. Kwa jiwe. Maji inakuja, inapiga mawe, inarudi. Ndege nyekundu imejaa kwa maji kama mtu ametandika kanga. Nilikaa tu."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Sikuwa mgonjwa."

"Sasa ulikuwa unangoja nani?"

Alikuwa ananiangalia kama ile jani ya tatu.

Hapo ndiyo shida ya watu wa laini ilikuwa. Kwetu, na kwao pia huko Kisii, mtu hatembelei mahali hakuna mwenyewe. Unatembelea shemeji. Unatembelea mgonjwa. Unafika, unapiga hodi, unapewa chai ama mursik, maziwa ya kibuyu, unaulizwa ng'ombe wanaendelea namna gani. Ukienda mahali hakuna wa kukujibu hodi, hiyo sio kutembea, hiyo ni kupotea. Mzee wa kanisa alikuja kumuuliza wazi wazi.

"Nyapara, nasikia utapeleka mama huko chini. Kwa nani?"

"Kwa ziwa."

"Ziwa ni nani?"

"Ni maji."

"Na uko na nyumba ya mawe hapa, bati juu, uende ulale kwa turubai na fisi?"

"Ndiyo."

"Tutakuombea," mzee akasema, na waliomba kweli, Jumapili nzima, na Nyapara akatajwa mbele ya watu. Nyapara aliketi mbele kabisa, akasema amina kubwa kuliko wote.

Mtu mwingine angechukua blanketi na bibi aende. Mimi nilimwambia hivyo. Yeye akasema mgonjwa hapelekwi mahali haijatengenezwa. Basi akaanza kupanga, na vile alikuwa anapanga, Mungu akitengeneza dunia namna hiyo tungekuwa bado tunangoja Jumanne.

Hema alishona mwenyewe, kutoka turubai kuukuu ya lori ya majani, na sindano ya magunia. Ilinuka chai. Jumamosi baada ya majani kupimwa kwa mizani alikuwa anaisimamisha nyuma ya nyumba, na laini yote inatoka na viti kuangalia, kwa maana sinema hatukuwa nayo. Bibi yake anaingia, anakaa ndani, kitambaa kwa kichwa, kama malkia. Nyapara anaenda nje, anazunguka, anapiga turubai na matako, anakoroma.

"Mimi ni nini sasa?"

"Wewe ni kiboko," mama anajibu kutoka ndani.

"Nikikuja utafanya nini?"

"Nitakupatia ugali."

Watu wanaanguka chini kwa kicheko. Yeye hacheki. "Hapana. Unakaa kimya. Usikimbie kwa upande wa maji. Kiboko inataka njia yake ya maji. Tena." Na anazunguka tena, huyo mzee na matako yake, mpaka mama anajibu sawa.

Kuvua alijifundisha kwa uwanja wa mpira, kwa sababu, na hii nakwambia usicheke, huyo mtu aliogopa maji. Mto yetu unaweza kuruka na mguu moja, yeye alikuwa anatafuta daraja. Basi akasimama kwa nyasi kavu, na fimbo ya mianzi na ndoano kutoka dukani Kericho, anatupa, anavuta, anatupa, anavuta. Siku moja alivua koti ya yule mzee wa kanisa, na mzee akiwa ndani. Ilipasuka kutoka kola mpaka Kapkatet. Mimi alinichagua nishike ndoano, niwe samaki, na nilikataa. Wakati huo kwetu samaki ilikuwa ni ndugu ya nyoka. Niliona moja ya kukaanga kwa sahani ya mama, ikiniangalia, nikakimbia nikasahau kofia. Huyo mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Alishika ukuta, nasema. Hiyo wakati bado alikuwa anaona ukuta.

Sasa kwa nini hawakuenda? Nimejiuliza hiyo swali nikiwa na pombe na nikiwa bila. Likizo ilikuwa inapatikana Disemba. Miezi ya majani mengi, chai inafura kama mandazi, nyapara hawezi kutoka. Na Disemba, laini ya watu wa Kisii inabaki mbwa tu. Wote wameenda nyumbani. Na Nyapara alikuwa mkubwa kwao, kifungua mimba. Disemba moja mkubwa hajaonekana nyumbani, watu wanasema amekasirika na nani? Amelaani nani? Wanaanza kutafuta kosa mpaka wanaipata. Basi anapanga hivi: tunapitia nyumbani kwanza, tunakaa kidogo, halafu tunashuka kwa ziwa.

Hiyo kidogo ndiyo ilimla. Mwaka moja ni mjomba amekufa. Mwaka ingine ni paa ya mama yake. Mwaka ingine ndugu wawili wanataka kukatana juu ya mpaka wa migomba, na nani atakaa katikati? Mkubwa. Hema inaenda Kisii imefungwa, inarudi Kericho imefungwa. Ilijua hiyo barabara kuliko dereva.

Na kila mwaka wakirudi, mbao ingine imeshushwa kwa duka ya huyo mama.

Kwanza aliacha kuchagua mchele, mawe ikawa inavunja meno yetu na hatusemi. Halafu akawa anauliza rangi. "Hii shati yako Chepalungu ni ya bluu?" Ilikuwa ya kijani. Nikasema ni ya bluu. Halafu ikaja ile Jumamosi. Hema imesimama, watu wako kwa viti, kiboko imezunguka, imekoroma, mama amejibu vizuri sana. Akatoka nje, anacheka bado, akaanza kutembea kwenda kwake kupika. Akapita mlango yake. Akapita mlango yangu. Akaenda moja kwa moja, mkono mbele, mpaka kwa nyumba ya mwisho, ya kijana mmoja mchumaji, akaingia, akaanza kutafuta sufuria kwa ukuta.

Hakuna mtu alicheka. Viti ilirudishwa moja moja. Nyapara alienda akamchukua na mkono, pole pole, akamrudisha kwake. Hema ilibaki nje na mvua ya mawe ikaja ikaijaza mpaka ikakaa chini kama ng'ombe.

Jumatatu nilimfuata kwa shamba. Ukungu ilikuwa imelala juu ya chai, huoni hata mkono yako. Nilimwambia, "Nyapara, mpeleke sasa. Wacha Disemba."

"Turubai imepasuka."

"Mpeleke bila turubai."

"Na atalala wapi?"

"Yeye anataka kulala ama anataka kuona?"

 Akaingiza mkono kwa kikapu yangu, mpaka chini, akakaa hivyo na mkono ndani. Nilijua kuna jani mbaya huko, mimi ndiye niliichuma. Akatoa mkono bila kitu, akaenda zake kwa ukungu. Hiyo siku niliogopa kuliko siku zote alinitukana.

Alitengeneza turubai. Alishona miezi mbili, kwa sababu alitaka kila shimo iwe na kiraka mbili. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mapenzi yake yote ilikuwa kwa viraka. Alipomaliza, aliomba likizo kabla ya Disemba, majani ikiwa imefura kabisa, kitu hakuna nyapara alishawahi kufanya, na meneja alishangaa mpaka akakubali. Tuliwasindikiza kwa barabara, laini yote, hata mzee wa kanisa na koti yake ya viraka. Nyapara alibeba hema, sufuria, fimbo ya mianzi, jembe. Mama alibeba kitambaa yake tu. Alikuwa amevaa nguo ya Krismasi. Alituaga wote na majina, mmoja mmoja, na alikuwa anaangalia pembeni kidogo ya kila mtu.

Mbao ya mwisho ilikuwa imeshashushwa. Yeye alijua, mimi nilijua. Nyapara nafikiri alikuwa anaona bado kuna ufa.

Wiki haikuisha, wakarudi. Nilitoka mbio kuuliza kiboko ilikuwa kubwa namna gani, na Nyapara akaniangalia, nikageuka kama mtu amesahau kitu. Kazi akafanya vile vile, sauti vile vile, kikapu anamwaga. Lakini Jumamosi nyuma ya nyumba hakukuwa na kitu, na watu walizoea kukaa ndani. Baadaye alistaafu. Nyumba ya kampuni unaacha na kazi, wakapakia vitu, wakarudi Kisii kabisa.

Mimi nilimwona tena mara moja. Nilikuwa nimeenda huko kutafuta ng'ombe ya maziwa, kwa maana wakati huo nimeoa na bibi anataka ng'ombe kila siku kama adhabu. Nikauliza njia, nikapelekwa kwa boma kwa mteremko, migomba pande zote. Nyapara alikuwa anapukuchua mahindi kwa karai, amekonda, suti yake ya zamani imekuwa kubwa kwa mwili. Nikapiga hodi. Kabla hajainua kichwa, sauti ikatoka ndani.

"Si huyo ni mwongo wa Chepalungu!"

"Ndiye, Mama. Umenijuaje?"

"Nani mwingine anapiga hodi kama anadaiwa? Ingia. Kofia yako iko?"

Nilikula, nikashiba, nikadanganya mambo ya Kericho mpaka akafuta machozi ya kicheko. Macho ilikuwa nyeupe kabisa. Halafu akasema, kama mtu anaongea habari ya mahindi, "Unakumbuka tulienda?"

"Nakumbuka, Mama."

"Tukapotea."

Niliangalia Nyapara kwa mlango. Punje ilikuwa inaanguka kwa karai, moja, moja.

"Ile ziwa alinieleza, mimi naijua," mama akasema. "Maji inapiga mawe. Ndege inalia asubuhi, upepo inatoka kwa maji ni baridi kidogo. Hiyo mahali alinipeleka ni matope. Mbu. Nyasi imeoza, inanuka kama ndoo ya nguruwe. Nikasikiliza ndege, hakuna hata mmoja. Nikasikiliza maji, hakuna. Nikamwambia, Nyapara, hapa sio. Akasema ndiyo hapa. Nikamwambia, wewe mzee umekosea njia, kubali. Turudi, utanipeleka vizuri siku ingine."

"Ehe, Mama."

"Siku ingine nitafurahi," akasema. "Hiyo safari ya matope sitaki kuihesabu."

Jua ikiwa bado juu, Nyapara alinisindikiza mpaka kwa kona ya migomba.  Kwa kona akasimama.

"Ilikuwa ndiyo ziwa yenyewe," akasema. "Mti ya Mzungu ya kufunga hema iko mpaka leo, nilichukua mkono ya mama nikamshikisha. Jua ilikuwa kali huo mwaka, maji ilirudi nyuma mbali. Mawe ilibaki kwa nyasi. Ndege ilihama."

"Si ungemwambia?"

"Nilimwambia mpaka akalia. Chepalungu, alilia kama mtu ameibiwa. Nikanyamaza."

 Mimi, ambaye naweza kuongezea hata mazishi, nikainama nikafunga kamba ya kiatu. 

Halafu kutoka kwa nyumba, ile sauti ya kucheka ikaita, "Nyapara! Muulize kama atakuja na sisi Disemba!"

Yeye hakuniuliza. Alijaza kifua, akapiga ile sauti yake ya shamba, na ng'ombe ya jirani ikasimama.

"Atakuja! Na safari hii tutapita njia ingine!"

"Eeh! Si ndiyo nilikuwa nasema!" mama akajibu, na tulisikia anapiga makofi.

Nyapara akachuchumaa hapo kwa vumbi. Akaanza kunichorea hiyo njia ingine na kidole, hapa ni Sotik, hapa ni Kericho, hapa utashuka hivi, pole pole, kila kona mara mbili, na mimi nikachuchumaa pembeni yake naitikia ndiyo, ndiyo. Kwenda kwa hiyo ziwa kuna barabara moja tu.